Orodha Nyuma ya Mlango

Wifi yangu ni mwoga, siwafichi. Panya akipita, yeye juu ya kiti. Bosi wake akikohoa tu, yeye anaomba radhi. Miaka kumi na moja ameuza dawa kwenye duka lile lile na hajawahi kumjibu mtu.

Ilipokuja sheria kwamba kila duka la dawa libandike bei zake, pamoja na dawa mbadala za bei nafuu, bosi alibandika. Wapi? Ukutani, nyuma ya mlango. Na mlango wenyewe unashinda wazi kutwa nzima, umeifunika karatasi yote.

"Imebandikwa au haijabandikwa?" akasema. "Na wewe, nikisikia umemtajia mteja dawa ya bei ya chini, kazi huna."

Jamani, kuna watu wana roho ngumu!

Sasa kuna mwalimu mmoja mstaafu, mgonjwa wa presha. Kila wiki anaweka hela yake juu ya kaunta, wifi anachukua mkasi, anamkatia vidonge vinne. Vinne kwa siku saba!

"Nameza leo, kesho naruka," alimwambia wifi siku moja. Na dawa ile ile, ya kiwanda kingine, iko rafu ya chini kwa robo ya bei.

Wifi alishika mkasi, akauweka. Bosi alikuwa chumba cha nyuma, anapanga maboksi.

"Mwalimu," akasema, "hebu nifungie mlango. Vumbi linaingia."

Mvua ilikuwa inanyesha tangu asubuhi.

Mwalimu alimtazama, akaenda kufunga. Akakutana na karatasi. Akavaa miwani, akapitisha kidole mstari kwa mstari kama anayesahihisha madaftari. Kwa hela ile ile aliondoka na vidonge kumi na sita.

Wiki mbili baadaye akarudi. Foleni ya watu sita, bosi mwenyewe yuko kaunta. Mwalimu akaingia, akausukuma mlango ukajifunga.

"Vumbi," akasema.

Watu wote wakageuka, wakaanza kusoma.

"Nani kakufundisha mchezo huu?" bosi akafoka.

Wifi akasogea mbele.

"Mimi," akasema.

Mchana ule ule alirudi nyumbani hana kazi. Nilimpa maji, nikamuuliza kama amemwomba bosi radhi.

"Ya nini?" akanijibu.