Tonge la Mama Mkwe

Jamani, naona haya hata kuanza, lakini kwa kuwa hapa Timbwani kila mtu anaisimulia kwa namna yake, na yuko anayesema eti nilimwagiwa mchuzi kichwani (uongo mtupu, ulimwagikia kanzu ya mtu mwengine), bora mnisikize mimi mwenyewe.

Kwanza mjue kwamba kwa hoteli za kigeni sina mpinzani, upande huu wa Likoni wala ule wa Changamwe. Mgeni akija kutoka bara na hamu ya biriani ya Kihindi, mandi ya Kiyemeni au tambi za Wachina, kwa bei ambayo haitamfanya auze simu yake, huletwa kwangu. Mimi sitazami taa za nje wala picha za ukutani, nachungulia ndani nione nani anakula. Hoteli ya Kihabeshi ambayo haina Mhabeshi hata mmoja mezani, napita zangu. Nimepeleka wageni chungu nzima na hakuna aliyerudi akinung'unika, mpaka siku hiyo.

Salim, mtoto wa kaka yangu, alioa msichana wa Mumias aitwaye Zaituni. Nikahi ilifungwa kwao (mimi sikwenda, mguu ulikuwa unanisumbua), walima ukapangwa ufanyike kwetu Jumapili. Jumamosi wazazi wa Zaituni wakawasili. Nyumbani masufuria yamejaa mpaka uani, wanawake wanamenya vitunguu huku wanalia, nikasema basi, wageni hawa nawapeleka mimi wakale kitu ambacho hawajakila tangu wazaliwe. Zaituni akanivuta kando.

"Shangazi, labda wale hapa hapa tu. Mama hawezi kula pamoja na..."

"Mwanangu," nikamkata, "chakula niachie mimi. Wewe bibi harusi, nenda ukapakwe hina."

Laiti ningemwacha amalize ile sentensi!

Salim akatuendesha kwa gari la kukodi, tukapita Dongo Kundu tukatokea Changamwe, hoteli yenyewe iko upande wa kwendea Airport, wanakula madereva wa malori wa Kihabeshi, na mwenyewe ni Bi Zahra, Muislamu wa Harar, kwa hiyo hata habari ya nyama halali haina wasiwasi. Njia nzima Mama Zaituni alikaa kiti cha nyuma kabisa, uso kaufunika kwa mtandio, nami nikamwonea huruma, nikidhani ni joto la pwani.

Tulipoingia, Salim akasimama pale pale mlangoni. "Shangazi, mimi nitakula kwenye ile meza ya dirishani."

"Unamkimbia mama mkwe wako? Ndoo hapa ukae!"

Mnielewe. Kwetu sisi kula sinia moja ndiyo heshima yenyewe. Mama mkwe ni mama, ndoa ikishafungwa hata dini haina neno, na kumtenga mgeni na mkwe wake ndilo tusi. Tena hawa ni Waislamu wenzetu, nikaona mila zetu ni zile zile. Salim alikuwa ameshaonywa na mkewe, lakini tangu lini kijana yule akanibishia? Akaja akakaa, tena nikampanga mwenyewe, uso kwa uso na mama mkwe wake.

Sinia likaja, pana, limetandikwa injera, ile mikate yao laini yenye uchachu kidogo, na juu yake kuku, dengu, mboga za kila rangi. Baba Zaituni akamtazama mkewe, mkewe akatazama sakafu. Hakugusa kitu. Nikasema huyu anaona haya, anataka kuchangamshwa.

Hapo ndipo Bi Zahra alipotoka jikoni na kutueleza kwamba kwao umpendaye humwachi ale peke yake, unamfinyangia tonge na kumtia kinywani kwa mkono wako. Kusikia vile, mimi nilipiga vigelegele. Nikasimama na kutangazia hoteli nzima kwamba hawa ni watu wa harusi yetu, na kwamba sasa mkwe atamlisha mama mkwe. Wale madereva wakaanza kupiga makofi.

"Shangazi, tafadhali," Salim akaninong'oneza.

"Mlishe mama yako!"

Akafinyanga tonge, akaunyoosha mkono juu ya sinia. Lilipomgusa mdomo, Mama Zaituni aliruka kama aliyeshikwa na moto, goti lake likapiga meza, sinia likapinduka lote juu ya kanzu nyeupe ya mumewe, na yeye huyoo, nje. Makofi yakakatika. Wallahi nilitamani ardhi inimeze.

Garini hakupanda, maana dereva ni yule yule Salim. Nikaita tuktuk tukarudi wawili mpaka kivukoni, nikajua nimeharibu lakini sijui nimeharibu nini. Tulipokuwa ndani ya feri tumesimama, nikamwambia, "Mama Zaituni, nisamehe. Sikujua."

"Mtoto wangu hakukwambia?"

"Aliniambia nusu. Nusu ya pili nilimkatiza."

"Kwetu mkwe na mama mkwe hawapeani hata mkono. Leo amenilisha mdomoni, watu wanapiga makofi. Nitakaaje kwa walima wenu? Kesho asubuhi mimi narudi nyumbani."

Akilini nilimwona Zaituni kesho yake katika nguo zake za harusi, anamtafuta mamake kwa macho asimpate. Roho iliniuma, nakwambieni kweli.

"Hakuna la kufanya?"

"Lipo. Atolewe mbuzi, achinjwe, nikila yamekwisha."

"Basi nitamwambia Salim..."

"Kijana hana kosa. Aliinua mkono kwa sababu wewe ulimwambia." Akanitazama.

Nilikuwa na beberu wangu, nimemlea kwa ajili ya Idi, mnene, watu wote wanamjua. Jioni ile nilimvuta kwa kamba kupita Timbwani mpaka nyumba ya harusi, yeye anagoma, mimi namsukuma, na kila kibaraza kinauliza, "Bi Mwanaisha, Idi imesogezwa?" Beberu akachinjwa, Mama Zaituni akala ini, akanywa maji, akasema sasa yamekwisha. Jumapili alikuwa walimani, chumba cha ndani, Salim barazani, na Zaituni katikati anacheka.

Bado nawapeleka wageni hotelini, tena hoteli nzuri za bei nafuu, msifikiri nimestaafu. Ila siku hizi, kabla sijauliza mgeni anakula nini, namuuliza ni nani asiyekula naye, na namngoja mpaka amalize kujibu.

Lakini halikuishia hapo: siku moja kabla ya kurudi Mumias, Mama Zaituni alinijia taratibu. "Ile hoteli ya Wahabeshi... sikupata kuonja. Nipeleke. Mimi na wewe tu."

Tukaenda. Bi Zahra alipotuona akaliweka sinia mezani kwa uangalifu sana. Mama Zaituni akakunja mikono ya nguo, akafinyanga tonge kubwa la kuku, akalichovya kwenye pilipili nyekundu upande huu na upande ule, akaninyooshea.

"Fungua mdomo, Shangazi."

Nikafungua.