Mninga wa Alute na Tembo wa Serikali

Jirani yangu Alute alikuwa mrina asali wa Rungwa. Mwaka tuliohamia kijiji cha ujamaa, tembo aliangusha mninga uliobeba mzinga wake. Alute, akiogopa kushtakiwa, akaenda mwenyewe ofisi ya maliasili kutoa taarifa.

“Mninga ni mti wa serikali,” akafoka Bwana Misitu. “Haukatwi bila kibali!”

“Kauangusha tembo, mzee.”

“Tembo naye ni wa serikali,” akadakia Bwana Nyama, mlinzi wa wanyamapori. “Tena daraja lake liko juu ya mninga. Haguswi!”

“Na mimi daraja langu?”

“Wewe ni mwananchi, ndugu.”

Wakamwamuru apande mninga mwingine, na tembo akirudi asimfukuze.

Alute alitii. Aliupanda chini ya dirisha la ofisi yao.