Fundi Aliyemkatia Mwalimu Suruali ya Marehemu

Saa kumi na mbili asubuhi, cherehani bado imefunikwa shuka. Mwenyewe, fundi wa miaka hamsini na tatu, yuko barabarani anahema, mkono kiunoni. Wifi yake ametangulia, na hana huruma.

"Wifi, nyanyua miguu! Hapo hukanyagi cherehani."

"Niache nivute pumzi. Ungekuwa na mwili huu, wewe ungebebwa."

Wateja humwita Mama Kichwa. Kwa miaka ishirini na sita hakuandika vipimo vya mtu. Akishazungusha futi mara moja, vimeingia kichwani, basi.

Miaka miwili iliyopita mumewe alifariki ghafla. Alikuwa amemwomba mkewe suruali. "Kila siku namwambia kesho, wateja kwanza," anasema. "Ahadi za fundi unazijua."

Baada ya mazishi alikaa kwenye cherehani saa kumi na moja kwa siku, akishinda na chai ya sukari na mkate. "Nimpikie nani?" anauliza. Usingizi ulimpotea. Akaanza kusahau: kwanza vifungo, kisha mikono ya mashati, kisha watu.

Mwaka jana mwalimu mmoja, mtu mfupi, alifuata suruali yake. Alipoivaa, ikaburuta sakafuni.

"Fundi, umenishonea na miguu ya akiba?" alitania.

Fundi hakucheka. Aliipima. Kiuno thelathini na nne, urefu arobaini na tatu. Vilikuwa vipimo vya mumewe.

"Nililia mbele ya mteja kama mtoto. Nikajua kichwa kinaniacha, na kazi itakwenda nacho."

Wifi, dada wa marehemu, alimshika mkono hadi zahanati. Muuguzi alimpangia siku za kuzungumza na mshauri, kisha akamuuliza anakula nini. "Aliniambia mboga na matembezi havifufui mtu. Lakini ubongo nao ni kiungo, unataka damu na chakula. Nisiunyime halafu niulaumu."

Siku hizi anakula maharage, mboga za majani, na samaki akipatikana. Anatembea kila asubuhi. Usingizi umerudi kiasi. Anashona nguo nne kwa siku, ingawa zamani zilikuwa saba, na vipimo anaviandika kwenye daftari. Hilo linamuuma bado. Vya marehemu havimo humo, na anasema havitaandikwa.

Leo wamefika darajani, wakageuza. Makaburi yako nusu saa mbele. Hajayakanyaga tangu siku ya mazishi.

"Watu nawaambia ni magoti," anasema kwa sauti ya chini. "Si magoti."

Wifi yake, aliyekuwa akitania njia nzima, anatazama pembeni.

Mwalimu alishonewa nyingine. Ile ndefu imepigwa pasi, imekunjwa, iko kwenye droo ya cherehani. Kabla mwaka haujaisha, fundi anataka kuvuka daraja kwa miguu yake na kufika.

"Nitamwambia suruali yake iko tayari," anasema. "Nitamwambia anisamehe, nimechelewa."