Siku Baba Mkwe Alipotutoa kwa Toroli

Miaka saba niliyokaa ndani ya boma la mama mkwe, siwezi kusema nilivumilia. Nilichoka, na kuanzia Uriri hadi Ndhiwa kila mtu alijua nimechoka. Nilitaka boma langu, jiko langu na mlango wa kufunga mwenyewe. Lakini kwetu Wajaluo mtu hahami hivi hivi. Baba ndiye humtoa mwanawe. Alfajiri anatangulia, mwana anafuata na shoka, kifungua mimba wake anabeba jogoo, mke anabeba moto kwenye kigae. Baba anasimamisha nguzo ya kwanza, nyumba inakwisha siku hiyo hiyo, na wenyewe wanalala humo. Baba akifa kabla ya hapo, kazi inamwangukia ndugu yake, na ndugu wa mzee wetu hakutaka hata kutusikia.

Kwa hiyo mwaka ule wa tisini na tatu macho yangu yote yalikuwa kwa mzee, baba mkwe wangu. Alipigana Burma, akarudi na kipande cha risasi gotini na Kiswahili cha jeshi, cha kuamrisha tu. Mengine yote aliyasema kwa Kijaluo. Na alipenda watu wake kupita kiasi. Wanawe aliwatolea samaki miiba hadi walipoota ndevu. Mimi aliniita nyar Suna, yaani binti wa kutoka Suna, na kila siku ya soko aliniletea sukari, akaiweka mlangoni, akakohoa, akaenda zake, maana mkwe hakaribiwi ovyo.

Wiki nzima alitufanyisha kwata uani. Mguu sawa. Mbele tembea. Mimi na kigae kitupu, mume wangu na shoka begani, mama mkwe nyuma akicheka hadi leso inamvuka. Mzee hakucheka hata kidogo.

Siku ikafika. Tulitoka vizuri, umande hadi magotini, moyo wangu ukirukaruka kama wa msichana. Nusu ya njia, kando ya shamba la miwa, goti la mzee likagoma. Akaketi chini. Alijaribu kuinuka mara tatu akashindwa, na mashariki kulikuwa kumeanza kupambazuka, nasi ilitupasa kufika kabla ya jua.

Mume wangu akataka kumbeba mgongoni. Mzee akakataa katakata. Miguu ya mwana ndiyo ingeingia kwanza, na hapo mwana angekuwa amejitoa mwenyewe. Mimi kumgusa ilikuwa mwiko. Nikasimama na moto wangu, nikaiona miaka saba mingine inakuja, machozi yakanitoka. Nilikuwa na hasira na lile goti, na ile risasi, na Mzungu aliyempeleka huko.

Mama mkwe ndiye aliyeona toroli lililoachwa kwenye miwa.

"Anayekaa ndani ya hilo," akauliza, "si ndiye yuko mbele?"

Mzee akafikiri. Kisha akajivuta akapanda, akanyoosha mgongo, akaweka fimbo begani kama bunduki, akaamuru, "Mbele tembea."

Basi mume wangu akasukuma, shoka limechomekwa kiunoni, mtoto anakimbia na jogoo anayepiga kelele, na mimi napuliza moto huku nacheka hadi mbavu zinauma. Kila shimo lilimrusha mzee juu, akatua, akaweka kofia yake sawa. Tulifika kiwanjani kabla ya jua. Akasimama kwa mguu mmoja, akaishika nguzo, akaishindilia.

Jioni nyumba ilikuwa imeezekwa. Sisi hatukuruhusiwa kutoka, kwa hivyo mama mkwe ndiye aliyemsukuma mumewe kurudi, akimgombeza njia nzima. Kabla hawajaondoka mzee aliniambia, macho yake yakiwa pembeni kwa heshima, "Nyar Suna, kule Burma nilijenga kambi nyingi. Zote tulizichoma tukiondoka. Hii msiichome."

Mahindi ya kwanza ya boma langu hakuyaonja. Siku ya mazishi yake wazee wa ukoo waliniuliza kama kweli alitutoa mwenyewe, akiwa mbele. Nikasema ndiyo, nikaanza kuwaeleza alivyokuwa amekaa, nikacheka mbele ya umati wote, wao pia wakacheka, na nilikuwa bado nacheka nilipogundua kwamba ninalia.