Swali la Bwana Leonard

Harufu ya jiko la mafuta ya taa, ikichanganyika na makoti ya sufu yaliyolowa mvua, ndiyo London yangu ya kwanza. Tulitoka Mombasa nikiwa na miaka tisa, tukapanga vyumba viwili juu ya duka la viatu huko Thornton Heath: baba, mama, mimi na Shangazi Shirin, dadake baba, aliyekuwa na miaka thelathini na nne bila kuolewa. Kutwa wote walikuwa kazini, nami nikitoka shule nilikaa dirishani nikitazama miavuli ikipita. Hakuna jirani aliyebisha hodi mwaka ule. Labda walibisha nikiwa shule, siwezi kuapa. Shangazi peke yake ndiye aliyezungumza nami, usiku, kwenye kitanda tulicholala pamoja.

Shangazi alipiga pasi kwa dobi mmoja. Aliyepokea nguo pale kaunta ni Bwana Leonard, Mwingereza mjane, mtaratibu, aliyekwisha kumwambia Shangazi kwamba kusilimu hakumtishi. Baba alipopata habari alisema, “Sina neno. Lakini aje na watu wake, kama binadamu.”

Jumamosi moja mchana mama alinituma nikamchukue Shangazi, asionekane akitembea na mwanamume peke yake. Tulipofika kituo cha basi, sisi watatu, Bwana Leonard akavua kofia na kumwuliza kama atakubali awe mke wake. Hivyo tu, mbele ya foleni. Waingereza wana msemo wao, *to pop the question*, yaani swali hufyatuka kama kizibo cha chupa. Binti yangu, aliyesoma kuliko mimi, anasema zamani ulitumika kwa swali lolote la ghafla, baadaye ukabakia wa posa. Huenda nimemwelewa vibaya. Kwetu swali hilo halifyatuki. Huja polepole na wazee na halua, na mwanamke akiulizwa huinamisha kichwa, kwani kunyamaza ni kukubali.

Shangazi akanyamaza. Akatazama viatu vyake, masikio yamewiva. Basi likaja, akapanda. Kabla sijamfuata, Bwana Leonard akaniinamia: “Amesema nini?”

“Hajasema kitu,” nikajibu.

Sikusema uongo. Ila maana ya kimya kile niliijua, maana wanawake wa Mombasa hawakuficha maneno yao mbele ya watoto. Na nilijua pia kwamba akiolewa, kitanda kitabaki changu peke yangu.

Kazini Shangazi alimkwepa kwa haya, kama afanyavyo mwanamke aliyeposwa, na Jumapili tatu mfululizo alifagia vyumba, akavaa nguo yake ya Idi, akakaanga kaimati za wageni.

“Pengine mamake mgonjwa,” alisema mama.

“Au bado wanatafuta kondoo wa kutuletea,” baba akatania, na hakucheka mtu. Kaimati nilikula mimi.

Jumapili ya nne hakukaanga. Bwana Leonard alikuwa ameacha kazi na kuhama, bila anwani. Simlaumu. Aliuliza kwa adabu ya kwao na kusubiri jibu kwa adabu ya kwao. Shangazi naye alijibu kwa adabu ya kwetu. Hakuolewa kamwe.

Mwaka jana binti yangu aliulizwa na kijana wake mkahawani, Peckham, akakubali kabla mwenzake hajamaliza sentensi. Shangazi, anayekaribia tisini, alicheka hadi akakohoa. “Mbio zote hizo! Wangu mimi hata kubisha hodi alishindwa.”

Tulikuwa wawili tu, kwangu Croydon, katika nyumba yenye joto kila chumba. Nikamweleza lile aliloniuliza Bwana Leonard kituoni na nililomjibu, neno kwa neno.

“Kumbe alitaka jibu,” akasema. Kisha akanipapasa mkono kama anavyopapaswa mtoto. “Na wewe, mwanangu, ungelala na nani?”