Bega la kushoto la Babu Kelele

Saa nne asubuhi jua limeshakuwa kali, na Babu Kelele amechuchumaa mbele ya mlango wa gari uliobonyea, kavaa shati la mikono mirefu. Mkono wa kulia unagonga nyundo. Wa kushoto, unaotetemeka kidogo, unashikiza kipande cha chuma kwa nyuma. Anagonga, anapapasa bati, anagonga tena. Mwenye gari anamuuliza kama hachoki na makelele.

"Haya ni mapumziko," anamjibu bila kuinua kichwa. "Njoo Jumamosi ndiyo usikie kelele."

Watoto wa mtaa ndio waliompa jina hilo, naye akalipenda. Mchana ni fundi wa kunyoosha bodi za magari. Jioni ni mpiga drams wa Kutu, kundi la watu wanne linalopiga metali, ule muziki mzito wa magitaa ya umeme. Nyimbo zao ni ndefu na hubadili mwendo kila ukidhani umeuzoea. Wameupiga muziki huo karibu miaka thelathini, na redio zimewapa kisogo muda wote huo. Jumamosi wanazindua albamu yao ya sita.

"Wametuzika mara nyingi," anasema. "Kila wakija matangani wanatukuta mazoezini."

Albamu hii nusura itoke bila yeye. Mwaka juzi kiharusi kilimwangusha, kikamlegeza upande wote wa kushoto. Akajifunza upya kushika kijiko, kisha kufunga vifungo, kisha kushika vijiti vya drams. Mkono ulirudi, ila ulirudi na uvivu: ukitumwa, unafika baadaye kidogo. Tangu hapo hajavaa mikono mifupi, hata kwenye joto la karakana.

Studio, fundi mitambo alimweka kila mtu chumba chake, akawavisha vipokea sauti vyenye mdundo wa kompyuta wa kuufuata. Mdundo ule haumngoji mtu. Babu Kelele aliachwa nyuma asubuhi, akaachwa tena mchana. Mwishowe fundi mitambo akamwambia kwa adabu kwamba kompyuta inaweza kumpigia drams zote, jina lake libaki kwenye jalada, na hakuna atakayejua.

"Alisema kwa upole, ndiyo maana iliniuma," anakumbuka. "Nikaenda chooni nikalia. Nilipomaliza, nikanawa uso, nikarudi na hasira zangu."

Aliomba jambo moja tu: wote wanne wapige katika chumba kimoja, wakimtazama.

Hilo lina asili yake. Walipoanza, walifanyia mazoezi karakanani wakiwa na spika mbovu, na katika vurugu ile hakuna aliyemsikia mwenzake. Ikabidi wenzake wajifunze kutazama bega lake la kushoto. Likipanda, wanaingia. Mazoea hayo yamewakaa mno, kiasi kwamba kwenye sherehe moja alipandisha bega kujikuna mgongo, na wote watatu wakalipua muziki katikati ya hotuba ya mgeni rasmi.

Basi wakapiga wakilitazama bega. Kwenye wimbo mrefu unaofunga albamu kuna mahali muziki unatulia, kisha wote wanarudi kwa kishindo. Siku hiyo bega lilichelewa. Magitaa yakangoja. Shemeji yake, kaka wa mkewe na mwimbaji wa kundi, akangoja na pumzi kifuani. Bega likapanda, na wote wanne wakaingia pamoja.

Fundi mitambo akasema hilo ni kosa, atalikata mara moja lisisikike.

"Ukilikata hilo, tukate na sisi," shemeji akamwambia.

Halikukatwa. Mtangazaji mmoja ameshaucheza wimbo huo redioni na kucheka kwamba wazee wamepoteza mapigo. Babu Kelele alimsikia akiwa chini ya gari.

"Hajadanganya, tumechelewa," anasema. "Lakini tumechelewa wote. Hakuna aliyeniacha."

Nyumbani, mkewe, fundi cherehani, anamalizia shati jeusi la Jumamosi. Hakuliwekea mkono wa kushoto. Mume alipoliona alinuna, akasema mkono ule umekonda, watu watautazama. Mke akamjibu kwamba ndivyo anavyotaka, wautazame, tena hadi wa nyuma kabisa ukumbini.

"Nimechoka kufua jasho la kuficha," anasema, akikata uzi kwa meno.

Leo, mbele ya mwandishi aliyekuja kuwahoji, mume analijaribu. Bega liko nje, jembamba, na halijatulia. Analitazama kwenye kioo kwa muda, kisha anamwambia mkewe asiongeze kitu. Anasema Jumamosi watapiga albamu nzima, na wimbo wa mwisho hawataupunguza hata kidogo.

Na mkono ukigoma mbele za watu? mwandishi anamuuliza.

"Wenzangu watanisubiri, wamezoea," anasema. "Siku hiyo na ukumbi wote utanisubiri."