Chumvi ya Bi Tani

Wafanyakazi wa kiwanda cha sabuni walimwita mpishi wao Bi Tani, naye aliitika. Alikuwa mama wa mwili, na akipita kati ya meza za kantini na mwiko wake, watu walimpisha wakicheka naye. "Mpishi mwembamba mwogopeni," aliwaambia. "Hali anachopika, kuna anachokijua."

Balaa likaja na sare mpya. Wenzake wote ziliwaenea, yake ikagoma kwenye vifungo, na mtunza stoo akatamka mbele za watu, "Mama, hiyo ndiyo kubwa kuliko zote." Mtu aliyezoea utani miaka nenda miaka rudi, neno hilo moja likamchoma. Binadamu ndivyo tulivyo.

Nyumbani aliishi na mdogo wake, mshona mapazia, aliyekuwa akitibiwa sonona. Ile si huzuni ya kulia ikaisha. Unalala ukitazama ukuta, na kila ukiulizwa unakubali tu. Siku zile dada mtu alipika kila alichokijua, na jibu lilikuwa lilelile: "Kitamu, dada." Daktari akamwandikia vidonge, na mchana mmoja, baada ya majuma kadhaa, mgonjwa akasukuma sahani, akanuna: "Dada, leo chumvi umeimwaga." Bi Tani alilia kwa furaha, mwiko mkononi. Alijua mdogo wake amerudi.

Vidonge hivyohivyo vilimpunguzia mdogo mtu hamu ya kula, kiuno kikaingia ndani. Bi Tani akakitazama kile kiuno, akaitazama na sare.

"Nigawie, mdogo wangu. Mwezi tu. Wewe si umeshapona?"

Mdogo wake akasita. Daktari hakusema hivyo. Lakini utamnyimaje dada aliyekulea, aliyekuogesha ulipokuwa hujiwezi? Wakawa wanapokezana, leo wewe, kesho mimi.

Na mwili ukapungua, tusiseme uongo. Njaa ikamtoka, kifungo cha juu kikafunga. Mdomo ukamkauka, usingizi ukamkimbia, moyo ukawa unamdunda jikoni bila sababu. Yote hayo akayavumilia, ndiyo kwanza anapendeza. Asichokijua ni kwamba ulimi nao haukuwa wake tena. Siku moja kantini nzima ikarudisha mchuzi.

"Bi Tani, leo umeangusha mfuko mzima wa chumvi?"

Akaonja mbele yao. Akaonja tena. "Mnadeka tu nyie," akasema, akafunika bakuli moja akaenda nalo nyumbani, kwa hakimu anayemwamini.

Alimkuta mdogo wake kitandani, pazia la mteja limelala sakafuni bila pindo. Akapokea bakuli, akala kijiko baada ya kijiko, akaumaliza mchuzi uliowashinda wanaume wazima.

"Kitamu, dada."

Bi Tani akalitazama lile bakuli tupu. Hofu ilimshika, na aibu juu yake. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akaushika mkono wa mdogo wake.

"Nimekula uzima wako, mdogo wangu, ili nifunge vifungo."

Lakini hakuwa mtu wa kukaa akijilaumu. Alasiri ileile walikuwa mbele ya daktari, na Bi Tani akasema yote bila kupunguza. Daktari alimkemea wee: dawa ya mtu haigawanywi, huyu hakutakiwa kuruka hata siku moja, na yeye amemeza kitu asichopimiwa. Bi Tani akasikiliza kimya, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona kantini.

Mwili ulirudi taratibu, na ulimi ukarudi nao. Mdogo mtu ndiye aliyekawia. Hadi asubuhi moja akaitwaa ile sare bila kuombwa, akaifumua ubavuni, akachukua vipande vya pazia la maua.

"Simama wima, dada. Inua mikono." Pini zilikuwa midomoni mwake. "Halafu yale maharage ya jana hayakuwa na chumvi kabisa. Siku hizi unaiogopa?"

Bi Tani akasimama kwa upana wake wote, machozi yakimteremka.

"Hebu rudia," akasema.